Nyanya za ndoo na mama wa eda



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, safari hii tutazungumza habari za nyanya. Anayedhani kwamba tumeishiwa na maneno ya dini avute subira kidogo, kwani nyanya hizo zilitufikisha hadi kwenye mlango wa talaka na eda katika vitabu vya hadithi, tena zikatukuta hatukujiandaa.

Tuanze na ndoo. Zilikuwa tano, za plastiki, za lita 20, zilizokuwa na mafuta ya kupikia kabla ya kutobolewa matundu chini kwa msumari uliotiwa motoni. Ziliwekwa uani katika nyumba moja ya hapa kwetu Mchikichini, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Ilala: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua mdogo wenye jiko, choo, kamba za kuanikia nguo na kipande cha jua kinachoingia saa tatu asubuhi na kuondoka Alasiri ikikaribia. Mwenye ndoo alikuwa mama mmoja mpangaji, aliyefiwa na mumewe mwanzoni mwa Mei mwaka jana, masika ikiwa bado haijaisha. Hatutamtaja jina, na ni kwa sharti hilo alilotupa ruhusa ya kuyaandika haya.

Marehemu mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa muuza mitumba pale Karume, miongoni mwa wale ambao soko lilipoungua Januari 2022 walirudi nyumbani mikono mitupu na kuanza upya kwa robota la kukopa. Mama mwenyewe alikuwa akipika chapati alfajiri na kuwauzia wafanyabiashara wale wale. Alipoingia eda, biashara ya chapati ikasimama, kwa kuwa mjane, kama ilivyokuja katika aya ya 234 ya Suratul Baqara, hungoja miezi minne na siku kumi. Sisi katika kamati ya msikiti tukamwandika katika daftari la wajane na mayatima, tukawa tunampelekea mchele, unga, sukari na mafuta kila baada ya wiki mbili.

Mara ya pili tulipokwenda, mama yule alituuliza akiwa nyuma ya pazia, na mwanawe wa kiume amesimama mlangoni: "Ustadhi, chakula nimekiona, Allah awalipeni. Je, kamati haina kazi ya kumpa mtu aliyekaa?"

Tukiri kwamba hatukuwa na jibu. Daftari letu lina safu ya jina, safu ya idadi ya watoto na safu ya kilichopokelewa. Safu ya kazi haimo.

Kazi ililetwa na kijana mmoja wa msikitini kwetu ambaye ni mpishi katika hoteli moja mjini. Alikuja na mfuko wa zile nyanya ndogo za mviringo, zinazozidi zabibu kidogo tu kwa ukubwa, ambazo mahotelini huitwa nyanya cheri. Zilikuwa zimeiva kupita kiasi na zilikuwa zitupwe. Kabla ya kuzichukua aliomba ruhusa kwa mkuu wa jiko, nasi twalitaja hilo makusudi, kwani wako vijana wanaodhani kuwa kitu kinachokwenda jalalani hakina mwenyewe. Mama alizipokea, akawapa watoto nusu wale, na nusu akazikamua mbegu.

Msomaji atauliza: kwa nini nyanya ndogo, ilhali soko la Ilala liko pua na mdomo na sisi, na malori ya matenga ya nyanya kutoka Ilula, Mgeta na Lushoto hushusha kila siku? Jibu ni joto letu. Nyanya hupenda usiku wenye ubaridi. Hapa Dar es Salaam, katika miezi ya Januari na Februari, usiku ukiwa kama tanuri, mnyanya mkubwa hutoa maua mengi mazuri kisha ukayapukutisha yote bila kushika tunda. Hii midogo huvumilia zaidi, hushika matunda hata mahali ambapo mikubwa imeshindwa, na kwa kuwa tunda lake ni dogo huiva upesi. Zaidi ya hayo, mmea mmoja unaotunzwa vizuri ndani ya ndoo huendelea kuzaa mashada kwa wiki kadhaa, leo kiganja, keshokutwa kiganja, jambo linalomfaa mwenye familia ndogo kuliko tenga zima kwa siku moja.

Lakini tusidanganyane. Ndoo tano hazimwondoi mtu sokoni. Mchuzi wa biriani unataka nyanya kubwa, na unataka nyingi. Tena mazao ya ndoo zilizopandwa Mei huja wakati ambao nyanya za sokoni nazo huwa zimeshuka bei. Aliyekuambia utatajirika kwa vinyanya vya uani, mwombe akuoneshe shamba lake kwanza.

Mbegu za nyanya zimefunikwa utandouteute unaoteleza, na utando huo huzuia uotaji. Mama alizitia pamoja na maji yake katika kikombe, akaziacha siku tatu mpaka zikafanya povu juu, akaziosha, akazianika kivulini juu ya sahani. Hakuzianika juu ya karatasi, maana hugandana nayo. Alizisia katika makopo ya maziwa mnamo Mei 20 hivi, na katika siku ya saba zikachomoza. Zilipofikisha majani manne ya kweli, yapata wiki nne, alihamishia mche mmoja mmoja katika kila ndoo, akaufukia mpaka karibu na majani, kwa sababu shina la mnyanya likifukiwa hutoa mizizi pembeni na mmea ukashika vizuri.

Kuhusu udongo tunaomba tusikilizwe kwa makini. Wako watu mtaani kwetu wanaoshuka na kiroba hadi bonde la Msimbazi na kuchota ule udongo mweusi unaoachwa na mafuriko. Kwa macho unapendeza. Hata hivyo mto ule hupokea maji ya vyoo na ya viwanda njia nzima, na mafuriko hayachagui cha kubeba. Wasomaji wetu wamewahi kutuuliza hukumu ya mboga zilizomwagiliwa maji yenye najisi. Mafundisho ya madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba mmea uliootea kwenye najisi hauwi najisi wenyewe, bali sehemu iliyoguswa na najisi huoshwa. Na kwa msingi huo huo samadi hutumika mashambani bila ya tatizo. Lakini twahara ni jambo moja, na sumu ya kiwandani ni jambo jingine ambalo halitoki kwa kuosha. Afadhali udongo wa kununua kwa wauza miche ya maua kando ya barabara. Mama alichanganya sehemu mbili za udongo huo, sehemu moja ya samadi ya kuku iliyooza hata haina harufu, na sehemu moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Faida nyingine ya ndoo ni kwamba udongo mgeni hauna ule ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini katika maeneo yenye joto, ambao huuangusha mnyanya ungali kijani kibichi, kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Ukiuona katika ndoo moja, toa mmea pamoja na udongo wake, usiutumie kwa nyanya tena.

Maji ndiyo yaliyokuwa fundisho kubwa kwetu. Katika nyumba ya wapangaji sita wanaochangia ankara moja, kumwagilia maua ni ugomvi. Mama akawa anatawadha juu ya beseni. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho ni kama theluthi mbili za lita. Sisi wa zama za bomba tumezoea kumwaga zaidi, lakini hata mtu akitumia lita moja, sala tano ni lita tano kwa siku. Mnyanya mmoja ndani ya ndoo, ukiwa na matunda na jua ni kali, huhitaji lita moja na nusu hadi mbili. Maana yake, udhu wa mtu mmoja wanywesha ndoo mbili, hata tatu. Maji yaliyokwishatumika kwa udhu wa faradhi, kwa mujibu wa madhehebu yetu, ni twahara ingawa hayatawadhiwi tena. Hakuna ubaya wowote kuyapeleka kwenye mimea. Binti yake na mwanawe nao wakaanza kutawadha juu ya beseni hilo, na ndoo zote tano zikatosheka bila bomba kufunguliwa kwa ajili yake.

Julai ilipoingia, maua ya manjano yalitoka. Uani kwa kuwa kumezibwa kuta hakupiti upepo wa kutosha, basi kila asubuhi baada ya sala ya dhuha alikuwa akigongagonga mashada kwa kidole ili chavua idondoke. Ua la mnyanya lina dume na jike ndani yake, linahitaji kutikiswa tu. Alivifunga vikonyo kwa vipande vya kanga ya zamani kwenye kamba zilizoning'inizwa kwenye kenchi la banda la jiko, akapunguza machipukizi ya kwapani, akakagua nyuma ya majani kutafuta nzi weupe. Alikagua pia kantangaze, yule mdudu aliyebainika nchini mwetu mwaka 2014 na ambaye kiwavi wake huchimba njia nyeupe ndani ya jani kisha hutoboa tunda. Majani yenye njia hizo aliyachuma na kuyachoma moto, na kila wiki alinyunyiza maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Kwa ndoo tano kazi hiyo yatosha. Haja ya dawa za dukani haikuwepo.

Hapa ndipo tulipoteleza sisi.

Mpangaji mmoja alilalamika, na lalamiko likapita ukumbini, likatoka barazani, likafika msikitini: huyu ni mjane gani anayeshinda uani na nyanya? Mwenye eda si hukaa ndani? Aliongezwa hata la harufu. Kwamba mikono yake inanukia, ilhali mwenye kuomboleza hatakiwi kujitia manukato. Aliyewahi kushika majani ya mnyanya anaijua harufu ile, na hatudhani kwamba yupo mwanamke duniani aliyejipaka kwa kujipamba. Pamoja na hayo, mzee mmoja wa kamati alitwambia tuzuie maneno, nasi, bila ya kufungua kitabu wala kumuuliza mwalimu, tukamtuma mama mmoja wa jumuiya ya akina mama ampelekee ujumbe kwamba ni bora aziache ndoo kwa watoto mpaka eda iishe. Tulidhani tunamlinda. Kwa hakika tulikuwa tunajilinda sisi na maneno ya watu.

Hakubishana. Alirudi ndani. Watoto walimwagilia siku ya kwanza, siku ya pili wakasahau, siku ya tatu wakamwaga beseni zima kwa mkupuo mmoja. Ilipofika siku ya sita, mmea mmoja ulikuwa umekauka, mwingine umevunjwa shina na mpira wa watoto wa jirani kwa kuwa kamba ilikuwa imelegea na hakuna aliyeifunga, na katika ile mitatu iliyosalia nyanya za kwanza zilizoanza kukua zilipasuka, kama zifanyavyo zikikaa na kiu kisha zikanyweshwa ghafla. Siku ya saba mwanawe alituletea kipande cha karatasi kilichokatwa kwenye daftari la shule. Kulikuwa na sentensi moja: je, kutoka mlangoni kwenda uani ni kutoka nyumbani?

Tulikipeleka kwa imamu wetu. Alikisoma, akakirudia, kisha akatuuliza kwa upole kama chuoni hawakutusomesha habari ya khalati yake Jabir. Walitusomesha. Tuliifanyia mtihani. Imo katika Sahihi Muslim: Jabir bin Abdillah (RA) anasimulia kwamba mama yake mdogo aliachwa, akiwa edani akataka kwenda kuvuna mitende yake, mtu mmoja akamkaripia kwa kutoka, bibi yule akaenda kwa Mtume (SAW), naye akamruhusu akavune, akimtajia kwamba huenda akatoa sadaka katika mavuno hayo au akafanya jambo la kheri. Yule alikuwa edani kwa talaka, na mitende yake ilikuwa nje ya nyumba. Wanazuoni wengi, wa madhehebu yetu wakiwemo, wamemruhusu mjane naye kutoka mchana kwa haja yake, kisha arejee alale nyumbani kwake. Sasa itakuwaje kwa mtu ambaye mitende yake iko hatua kumi kutoka kitandani? Ua, alisema imamu, ni sehemu ya nyumba. Na kwa kuwa hapo hupita wapangaji wanaume, ajisitiri kama anavyojisitiri siku zote. Alichokatazwa mjane ni mapambo, manukato na kuhama nyumba ya eda. Hakukatazwa kazi ya mikono yake.

Jioni ile tulikwenda na mke wetu na yule mama aliyepeleka ujumbe. Tulibisha hodi, tukatoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba kutoka nyuma ya pazia. Tukasema kwamba tulikosea, kwamba hukumu ilikuwapo na hatukuitafuta, na kwamba ndoo mbili zilizokufa ziko juu yetu. Kimya kilichukua muda. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuwa nimekasirika kwa nyanya. Nilikuwa nahesabu siku kwa nyanya. Mliponiondoa kwake nikawa sina cha kuhesabia."

Tumeyafikiri maneno hayo mara nyingi. Toka mbegu kusiwa hadi tunda la kwanza kuiva ni siku mia moja, pengine na kitu. Eda ya mjane ni siku mia moja na ishirini na nane hivi. Wako wajane wengi katika mitaa hii ya Ilala waliokaa katika chumba kimoja cha kupanga siku zote hizo, na sisi wanakamati tukiamini kwamba tumekwisha wajibu kwa kufunga mchele kwenye mfuko.

Nyanya za kwanza ziliiva katika siku za mwisho za Agosti. Mbegu za tunda la chotara hazizai zikafanana na mama yao, kwa hiyo ndoo moja ilitoa nyanya za mviringo, ya pili ndefu kama tende, na ya tatu za rangi ya machungwa zenye ganda gumu kidogo. Zote zilikuwa tamu. Watoto wa nyumba nzima walizila kama peremende na ikabidi ziwekewe zamu. Yule mpangaji aliyelalamika alipelekewa kachumbari, akaipokea, na mpaka leo hawajazungumza sana, wala hatutaki kumpendezesha msomaji kwa kudai vinginevyo.

Bakuli moja lilikuja msikitini siku ya Ijumaa, na ujumbe kwamba liandikwe. Mtunza hazina wetu, ambaye ni mtu wa hesabu, aliuliza liandikwe kwa shilingi ngapi. Tulibishana kidogo. Mwisho tuliandika katika ukurasa wa waliotoa, si wa waliopokea, jina lake, na mbele yake: nyanya, bakuli moja. Safu ya shilingi tukaiacha wazi.

Eda yake ilimalizika Septemba. Siku hizi yuko Karume na chapati zake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo zimehamia kwa mjane mwingine wa mtaa wa pili, ambaye yeye alianza na mbegu zilizokaushwa kwenye sahani ile ile. Daftari la kamati limepigwa mstari safu moja zaidi.

Kwa anayetaka kuanza, wakati mwema kwa mji wetu ni mwishoni mwa masika, Mei hadi mwanzoni mwa Juni, ili maua yakute usiku wenye ubaridi wa Julai. Mwenye eda iliyoanza wakati mwingine asisubiri. Asie tu, auweke mmea mahali unapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na wakati wa mvua ausogeze chini ya upenu kwa kuchelea bakajani. Tumebakiwa na mbegu za kuwatosha watu ishirini hivi. Akina mama wazichukue kwa jumuiya yao baada ya darsa la Jumamosi, na waje na kikopo chao, maana bahasha zimetuishia.